KOMPRESA YA KARAKANA YA NYUMBANI: NUNUA UPEPO, USINUNUE TANGI



Leo naongea na wale tunaotengeneza vitu nyumbani na kuviuza mtandaoni. Wa meza za TV na rafu za viatu, wa kusafisha raba, wa keki, wa kucha, wa kupaka upya rimu za pikipiki. Kuna swali linanijia inboksi karibu kila wiki: "Kaka, nataka kompresa ya nyumbani, ninunue ya lita ngapi?"

Jibu langu ni fupi, na najua wauzaji wengi hawatalipenda. Lita ngapi siyo swali la kwanza. HP ngapi nalo siyo la kwanza. Swali la kwanza ni hili: kazi yako inakunywa upepo kiasi gani kwa dakika? La pili: umeme wa nyumba unayokaa unaweza kubeba nini? Tangi linakuja la tatu. Ukianza na tangi, unaweza kumwaga mtaji wote ukabaki na chuma kizuri cha kupigia picha.

Nijitambulishe kidogo ili mjue mnasoma maneno ya nani. Mimi nina duka dogo, natengeneza meza za TV, rafu na meza za kujipodolea, nauza kwa WhatsApp na Instagram. Sikusomea ufundi, niliishia kidato cha nne. Haya nimeyapata kwa kusoma vibati vya mashine, kuwauliza mafundi wa rangi mpaka wanichoke, na kupima kwa saa ya simu. Hesabu zangu ni za kujumlisha na kugawanya tu, unaweza kuzirudia mwenyewe.

1. TANGI NI SIMTANK, PAMPU NDIYO BOMBA

Fikiria nyumba yenye simtank la lita 5,000, lakini bomba linaloliingizia maji linadondosha matone. Likiwa limejaa, utaoga, utafua, utaosha na gari. Likiisha, unakaa chini unasubiri. Ukubwa wa simtank haujaongeza hata tone moja la maji ya bomba. Umeahirisha tu muda wa kuishiwa.

Kompresa ni hivyo hivyo. Tangi linatunza upepo. Kinachotengeneza upepo ni pampu. Matangazo mengi yanasema "lita 50, HP 3, mzigo upo, karibu dukani". Hiyo ni sawa na kukutajia ukubwa wa simtank bila kukwambia bomba linatoa ndoo ngapi kwa dakika.

Tufanye hesabu. Una tangi la lita 50 limejaa mpaka bar 8. Bunduki yako ya kupulizia rangi inahitaji lita 300 za upepo kwa dakika, na pampu inatoa 120. Kila dakika una upungufu wa lita 180. Tangi likishuka kutoka bar 8 hadi bar 3, limekutolea bar 5 mara lita 50, yaani lita 250. Gawanya 250 kwa 180: unapata dakika moja na sekunde ishirini na kitu. Baada ya hapo bunduki inaanza kutema rangi vitone vitone, na wewe ndiyo kwanza umefika katikati ya mlango wa kabati.

Sasa weka tangi la lita 100 kwenye pampu ile ile. Unapata dakika mbili na kama sekunde 47. Imeongezeka, ndiyo. Lakini na muda wa kusubiri lijae tena umeongezeka mara mbili. Na rangi haikusubiri, inakauka kwenye mbao huku wewe umesimama.

2. KILA KAZI INA KIU YAKE

Kabla ya kwenda Kariakoo, andika kwenye karatasi kazi utakayoifanya. Usiandike ile unayoiota mwaka kesho. Andika ya wiki hii. Halafu linganisha.

Wa keki, kucha na michoro midogo: ile kalamu ya kupulizia rangi inakunywa kidogo sana, mara nyingi chini ya lita 30 kwa dakika. Kikompresa kidogo kisichotumia mafuta kinakutosha kabisa. Kwa keki nasisitiza kisichotumia mafuta, maana upepo huo unaenda kwenye chakula cha mtoto wa mtu.

Wa kujaza upepo matairi na mipira: upepo kiasi ni kidogo, unachohitaji ni presha. Mashine ndogo inafanya kazi, tofauti ni kwamba utasubiri kidogo.

Wa bunduki ya misumari midogo, ya kushikia mbao na MDF: kila msumari unakula upepo kidogo na unapumzika kati ya msumari na msumari. Tangi la lita 24 linakubeba vizuri.

Wa kupuliza vumbi na kukausha raba: hapa watu wanadharau. Ile pua ya kupulizia ukiiachia wazi inakunywa kama mtu aliyefunga mwezi mzima. Ukibonyeza kidogo kidogo, mashine ndogo inatosha. Ukishikilia muda mrefu, haitoshi.

Wa rangi na vanishi kwenye samani: hapa ndipo penye pesa na ndipo penye maumivu. Bunduki zimegawanyika. Zile zilizoandikwa HVLP zinataka upepo mwingi, kwa kawaida kati ya lita 225 na 350 kwa dakika. Zilizoandikwa LVLP zimetengenezwa kwa ajili ya kompresa ndogo, nyingi zinaridhika na lita 85 hadi 140 hivi. Herufi moja tu imebadilika, lakini mashine ya kuilisha inabadilika kabisa.

Wa msasa wa upepo: nasema wazi, achana nao nyumbani. Unataka lita 300 na zaidi mfululizo. Nunua msasa wa umeme, utakushukuru wewe na LUKU yako.

Kwa hiyo ushauri wangu uko kinyume na wanavyofanya wengi: chagua bunduki kwanza, kompresa baadaye. Bunduki ya LVLP nzuri pamoja na kompresa ya kawaida itakupa kazi safi kuliko bunduki ya HVLP ya sifa iliyofungwa kwenye mashine isiyoweza kuilisha. Ukikuta kipimo kimeandikwa CFM, zidisha kwa 28 upate lita kwa dakika. Ukikuta psi, gawanya kwa 14.5 upate bar.

3. KIBATI HAKIDANGANYI, ILA HAKISEMI YOTE

Kwenye zile kompresa za HP 2 na tangi la lita 24 au 50 zilizojaa madukani, kibati mara nyingi kina namba kama "206 L/min". Mnunuzi anasoma anafurahi: bunduki yangu inataka 130, nina 206, nimebakiza chenji.

Taratibu. Mara nyingi namba hiyo ni upepo ambao pistoni inaumeza kwa hesabu za kwenye karatasi. Siyo unaotoka kwenye mpira. Njiani kuna joto, kuna valvu, kuna nafasi ndogo juu ya pistoni ambayo haitoi upepo wake wote. Kwenye mashine hizi za bei ya chini, kupoteza theluthi moja au zaidi ni jambo la kawaida. Watengenezaji wengine wanaandika namba mbili, ya upepo unaoingia na ya unaotoka. Wewe shika ya unaotoka.

Kama ipo moja tu, pima mwenyewe dukani. Huhitaji kifaa, unahitaji simu:

- Fungua upepo wote mpaka geji isome sifuri, kisha funga.
- Washa mashine na saa ya simu kwa pamoja.
- Simamisha saa mashine ikijizima yenyewe, kwa kawaida kwenye bar 8.
- Zidisha lita za tangi mara bar, halafu gawanya kwa dakika zilizotumika.

Mfano: tangi la lita 24 mara bar 8 ni lita 192. Kama kweli pampu inatoa 206 kwa dakika, tangi lijae kwa chini ya dakika moja. Ukikuta imechukua dakika moja na sekunde 40, chukua 192 gawanya kwa 1.67, unapata kama 115. Hiyo ndiyo mashine unayoilipia. Na 115 siyo mbaya! Inaendesha bunduki ndogo ya LVLP vizuri tu. Ubaya ni kuilipia kama 206 na kuinunulia bunduki ya 206.

Muuzaji anayekukatalia kupima dakika mbili kabla hujampa laki kadhaa, mshukuru, ondoka. Wauzaji wako wengi.

Kitu kingine kwenye kibati: tafuta herufi S ikiwa na namba. S1 maana yake mota imetengenezwa kufanya kazi mfululizo. S3 maana yake inafanya kazi na kupumzika, na asilimia iliyoandikwa ndiyo sehemu ya kufanya kazi. S3 25% ni dakika mbili na nusu za kuzunguka ndani ya kila dakika kumi. Mashine kama hiyo ukiizungusha nusu saa bila kupumua, unaitafutia fundi wa kuwaindi mota. Ukiinua na kuona ni nyepesi kuliko HP zinazotajwa, uliza kama waya za ndani ni shaba au aluminiamu. Za aluminiamu ni nafuu lakini zinapata joto haraka.

4. UMEME WAKO NDIYO BOSI

Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na wanaosema "nunua HP 3, usijibane". HP moja ni wati 746. HP 2 ni kilowati moja na nusu, HP 3 ni kilowati 2.2. Lakini hiyo ni nguvu inayotoka kwenye mota, inayoingia ni zaidi. Mashine ya HP 3 ikiwa imebanwa na presha inaweza kufika ukingoni mwa plagi yetu ya ampea 13, hapo sijataja dakika ya kuwaka ambapo mota inavuta mara kadhaa ya kawaida yake. Kwenye nyumba ya kupanga yenye waya za zamani, na friji na pasi za wapangaji wengine, jioni breka inaruka na wewe ndiye wa kwanza kuitwa.

Halafu kuna umeme mdogo. Sehemu nyingi jioni taa zinafifia kabisa unaona. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka haishuki sawasawa na voti, inashuka kwa kasi zaidi. Voti zikitoka 230 zikafika 180, nguvu ya kuanzia inabaki kama asilimia 60. Ndiyo maana unasikia mashine inaunguruma tu "mmmm" haizunguki. Ukiiacha iungurume, kapasita inakufa au waya zinaungua. Zima haraka, toa upepo kwenye tangi, subiri umeme utulie.

Ekstensheni nyembamba inafanya ubaya huo huo. Kanuni ya mafundi ni nzuri: refusha mpira wa upepo, usirefushe waya wa umeme. Ikilazimu kutumia ekstensheni, iwe fupi, iwe na waya mnene, na uinyooshe yote. Ile iliyobaki imeviringishwa kwenye gurudumu lake inapata joto mpaka inayeyuka.

Tuje LUKU. Mashine ya HP 2 chukulia inakula unit moja na nusu hadi mbili kwa saa ambayo mota inazunguka kweli. Saa mbili kwa siku, siku 20 kwa mwezi, ni saa 40. Hiyo ni unit 60 hadi 80. Kama nyumba yenu iko kwenye ile tarifa ya matumizi madogo yenye ukomo wa unit 75 kwa mwezi, kompresa peke yake imeukaribia au imeuvuka, na mwenye nyumba ataanza kuulizana na kila mtu. Ongea naye kabla. Bora zaidi, omba mita ndogo ya kupimia matumizi yako na ulipe chako. Heshima ya mpangaji ni pesa pia.

Na wale wa mashine za mtumba: soma voti kabla hujasoma bei. Mashine za Japani zimetengenezwa kwa voti 100, za Marekani kwa voti 120, na hata Uingereza kuna vifaa vya ujenzi vya voti 110. Sisi ni voti 230 na hezi 50. Ukishaongeza bei ya transfoma ya kuibeba mota kubwa, ile "bei ya kutupa" haipo tena.

5. YA MAFUTA, ISIYO NA MAFUTA, YA MKANDA

Ipo aina ya kwanza, ya mafuta, mota na pampu zimeungana moja kwa moja. Inazunguka kwa kasi, karibu mizunguko 2,850 kwa dakika. Ni ya bei nafuu, spea zake zipo kila kona, lakini kelele zake zinapita desibeli 90. Ukiwa nyumba ya kupanga yenye mtoto mchanga chumba cha pili, utajuana na mwenyekiti wa mtaa.

Aina ya pili haitumii mafuta, ile wanayoiita ya kimya. Kimya siyo kimya kabisa, lakini desibeli 60 hadi 70 unaweza kuongea pembeni yake. Upepo wake hauna mafuta, kwa hiyo rangi haipati vile vitundu kama macho ya samaki. Kwa lita zile zile za upepo unalipa zaidi, na pampu yake ikichoka mara nyingi unabadilisha kichwa kizima.

Aina ya tatu ni ya mkanda. Pampu inazunguka taratibu, kama mizunguko 1,000 hivi, haichemki haraka, inadumu, na fundi yeyote wa Gerezani anaweza kuifungua. Ni nzito, inataka nafasi yake ya kudumu.

Msimamo wangu: kama umepanga na unafanya kazi uani, chukua isiyo na mafuta yenye vichwa viwili kama mtaji unaruhusu. Kama una banda lako mbali na watu na kazi ya rangi ni ya kila siku, chukua ya mkanda. Ile ya moja kwa moja ya mafuta ni ya mtu mwenye kazi za hapa na pale na majirani wavumilivu. Na ukiwa na ya mafuta, weka mafuta ya kompresa. Usiweke ya pikipiki kwa sababu ndiyo yaliyobaki kwenye galoni. Yale yana dawa za kusafishia injini, kwenye pampu yanaacha masizi kwenye valvu.

6. "NUNUA KUBWA MOJA KWA MOJA, UTAKUA NAYO"

Hoja hii naisikia sana, na siyo ya kijinga. Anayesema hivyo ana maana kwamba kununua mara mbili ni ghali kuliko mara moja. Kwa mtu ambaye oda zake tayari zimemzidi, nakubaliana naye. Lakini wengi wetu oda zinapanda mwezi wa kumi na mbili na kushuka Januari, na mtaji uliolala kwenye chuma haununui MDF.

Fanya hesabu hii, namba ni za mfano, weka zako. Tuseme mashine, bunduki, mpira na filta ni 600,000. Tuseme fundi wa jirani anakutoza 15,000 kupiga rangi meza moja ukimpelekea rangi yako, na bajaji ya kwenda na kurudi ni 5,000. Jumla 20,000. Ukifanya nyumbani, umeme na matunzo tuseme 2,000 kwa meza. Unaokoa 18,000. Gawanya 600,000 kwa 18,000: inabidi upige meza 34 ndipo mashine ijilipe.

Unauza meza sita kwa mwezi? Karibu miezi sita imejilipa, nunua. Unauza mbili kwa mwezi? Ni miezi 17. Hapo mimi nasema endelea kumlipa jirani, na laki sita iweke kwenye malighafi na picha nzuri za bidhaa. Kukodi upepo siyo aibu. Keko pale watu wanapelekeana kazi kila siku: huyu anachonga, yule anapiga rangi, wa tatu anafunga vioo, na wote wanakula.

Kuna faida moja isiyoonekana kwenye hesabu hiyo, nayo nitaisema ili niwe mkweli: ukiwa na mashine yako unashika muda wako. Mteja wa mtandaoni ukimwambia Ijumaa iwe Ijumaa. Kama fundi wa jirani anakuchelewesha mpaka wateja wanadai pesa zao, basi unanunua kwa ajili ya uaminifu, na hiyo ni sababu halali hata kama meza ni tatu tu.

7. MAJI, KUTU NA THINA

Hapa naomba usiruke, hata kama una haraka.

Upepo ukibanwa unatoa maji. Kwa sisi wa pwani, Dar, Tanga, Zanzibar, hewa yenyewe ina unyevu, kwa hiyo yanatoka mengi. Chini ya tangi kuna skrubu ya kutolea maji. Ifungue kila siku ukimaliza kazi. Ukiacha, maji yanafanya mambo mawili: yanaingia kwenye rangi, na yanalila tangi kwa ndani ambako huoni. Tangi lenye kutu likipasuka likiwa na bar 8 ni bomu. Ndiyo maana tangi la mtumba lililochomelewa mimi sinunui hata kwa bei ya soda, na wewe usikubali fundi akuchomelee lako. Likitoboka, limekufa.

Valvu ya usalama ina kipete. Kivute mara moja moja uone kama inapumua. Isipopumua, badilisha. Ikipumua ovyo, usiizibe kwa bolti. Inakuambia swichi ya presha imeharibika.

Funga filta ya maji na regyuleta kabla ya bunduki. Na siku za masika, vanishi inayokauka haraka ikipigwa asubuhi yenye unyevu inaweza kuganda ukungu mweupe juu. Siyo kosa la kompresa wala la mbao. Subiri jua litoke au tumia thina ya kuchelewesha kukauka.

Mwisho, mvuke wa thina unashika moto. Usipige rangi kwenye chumba chenye jiko la mkaa, la gesi, wala karibu na kompresa yenyewe, maana swichi yake inatoa cheche. Mashine iwe nje au mbali, mpira ndiyo uingie. Na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, inazuia vumbi tu. Tafuta ile yenye vichujio vya mkaa pembeni. Ni bei ya meza nusu, lakini mapafu hayana spea Kariakoo.

8. KWA SISI TUNAOUZA HIZI MASHINE MTANDAONI

Wapo humu wanaouza kompresa. Ndugu zangu, tangazo la "lita 50 HP 3 bei poa" linaleta mteja mara moja na kumpoteza mara ya pili. Andika upepo unaotoka kwa dakika. Andika voti, kelele, na kazi ambazo mashine haifai. Ndiyo, kazi ambazo haifai. Rekodi video ya sekunde 90 ikijaza tangi huku saa ya simu inaonekana. Hakuna tangazo litakaloshinda hiyo video, maana wenzako wanaogopa kuirekodi.

Mteja aliyeuziwa mashine sahihi anarudi kununua mpira, bunduki, filta na mafuta. Aliyeuziwa tangi kubwa lenye pampu dhaifu anarudi na maneno, tena anayaweka kwenye status.

KABLA HUJALIPA, MTUMIE MUUZAJI HAYA

- Inatoa lita ngapi za upepo kwa dakika, siyo inameza ngapi?
- Voti ngapi, hezi ngapi, wati ngapi?
- Kibati kinasema S1 au S3, na asilimia ngapi?
- Mota ni ya shaba au aluminiamu?
- Ninaweza kupima muda wa kujaa kabla ya kulipa?
- Spea za valvu, ringi na swichi ya presha unazo, au nitazipata wapi?

Akijibu yote, hata kama majibu siyo mazuri, huyo ni mtu wa kufanya naye biashara. Akijibu "bosi hiyo mashine kali sana usijali", jali.

Mteja wetu wa mtandaoni anavutwa na picha, ni kweli. Lakini picha inauza mara ya kwanza. Mara ya pili inauza ile meza yenyewe, akipitisha kiganja juu yake akakuta ni laini. Kiganja hicho hakijui tangi lako lilikuwa la lita ngapi.

Kama una mashine tayari, kapime leo muda wake wa kujaa, uniandikie hapa chini lita za tangi na sekunde ulizopata. Tutapiga hesabu pamoja, na wengine wanaotaka kununua watajifunza kwa namba za kweli. Kazi njema.